Boti Si Pikipiki: Kweli na Uongo Kuhusu Kujitengenezea Boti Ndogo

Pandisha boti ufukweni, fungua kifuniko cha mashine, na kabla hujashika spana utakuwa na washauri watatu: mzee aliyekulia kwenye mashua za mbao, fundi wa bodaboda, na jamaa aliyewahi kufanya kazi gereji. Wote wanasema kwa uhakika, na mara nyingi wanachosema ni kweli kabisa huko walikokitoa. Mbao ina kanuni zake, pikipiki ina zake, gari lina zake. Hasara huanza pale kanuni ya chombo kimoja inapohamishiwa kwenye kingine bila kuulizwa.

Makala haya yanahusu boti ndogo ya faiba, ya mita 4 hadi 7, yenye mashine ya petroli iliyopachikwa nyuma: boti ya matembezi, ya kuvulia kwa kujifurahisha, au ya kuvukia hori. Tumechukua madai yanayosikika sana kwenye fukwe zetu na kuyapima moja baada ya jingine.

1. "Kila ikitoka baharini, mashine isafishwe ndani kwa maji ya bomba"

KWELI. Ndiyo kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mashine ya nyuma haina rejeta. Pampu yake huvuta maji ya bahari, huyapitisha kwenye njia nyembamba kuzunguka silinda, kisha huyatema. Ukiizima, maji yaliyobaki hukaushwa na joto na chumvi yake ikabaki. Safari kwa safari chumvi hiyo hujenga tabaka, njia zikasinyaa, na mashine ikachemka siku ambayo mkondo ni mkali na ufuko uko mbali.

Tumia vikombe vya mpira vinavyobana matundu ya kuvutia maji na kuunganishwa na bomba, au iteremshe mashine kwenye pipa lililojaa maji hadi juu ya matundu hayo. Gia iwe huru. Iache iungurume polepole dakika 10 hivi, ipate joto, ili themostati ifunguke na maji yafike kila pembe. Usifanye hivyo ndani ya banda lililofungwa, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua.

Ukiona mchirizi wa maji unaotoka ubavuni ni dhaifu, usikimbilie kufungua mashine. Zibua kwanza lile tundu kwa waya mwembamba. Mchanga, chumvi na hata nyigu hupenda kuliziba. Mchirizi ukibaki dhaifu, basi ukaguzi uhamie kwenye pampu.

2. "Kuiwasha kavu kwa sekunde chache, kujaribu tu, hakuna ubaya"

SI KWELI. Dai hili limetoka kwa pikipiki, ambayo hupozwa na upepo. Ndani ya pampu ya maji ya mashine ya boti mna impela, gurudumu dogo la mpira lenye mabawa yanayosugua ukuta wa chuma. Kinacholilainisha ni maji yenyewe. Bila maji, mpira hupata moto na kuanza kuungua ndani ya sekunde chache. Utaizima mashine ukidhani hakuna kilichotokea, kisha bawa lililokatika litasafiri na maji na kwenda kuziba njia za kupozea.

Impela ni spea ya bei ndogo. Badilisha kila mwaka kama boti inatumika sana, na usipitishe miaka miwili hata kama inalala tu, maana mpira uliokaa umejikunja hubaki na umbo hilo. Mwenye spana, subira na kitabu cha mashine anaweza kuibadilisha mwenyewe asubuhi moja.

3. "Oili ya pikipiki inafaa, na ukizidisha kidogo mashine inadumu"

SI KWELI, mara mbili. Tunazungumzia mashine za mipigo miwili, zile za kuchanganya oili na petroli. Injini ya pikipiki inayopozwa na hewa hufanya kazi kwa joto la juu, na oili yake imetengenezwa kwa joto hilo. Mashine ya boti hupozwa na maji na hukaa na joto la chini, kwa hiyo inahitaji oili isiyoacha majivu. Alama ya kutafuta kwenye chupa ni TC-W3. Majivu ya oili isiyofaa hujikusanya kwenye plagi na juu ya pistoni, na huko huweza kusababisha petroli kuwaka kabla ya wakati wake.

Ama kuzidisha, watu husahau kwamba katika mchanganyiko, oili ikiongezeka petroli hupungua. Matokeo ni moshi, plagi zinazozimika, masizi kwenye tundu la kutolea moshi, na wakati huohuo injini inayopata petroli pungufu kuliko ilivyopangiwa. Kwa uwiano wa kawaida wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili. Mashine mpya ikiwa bado inalainishwa, watengenezaji wengi hutaka maradufu ya hapo kwa saa za mwanzo. Zipo aina zinazotaka 100 kwa 1. Kitabu cha mashine yako ndicho hakimu. Pima kwa kikombe chenye alama, usikisie kwa jicho.

4. "Kuongeza mafuta ya taa kwenye petroli kunaokoa pesa"

SI KWELI kwa mashine ya kawaida. Mafuta ya taa huwaka vibaya yakibanwa kwenye injini ya petroli: injini hugonga, hupata joto, na pistoni huumia. Kilichochanganya watu ni kwamba mashine za mafuta ya taa zipo kweli, zimeundwa kwa ajili ya wavuvi, huwashwa kwa petroli kisha zikabadilishiwa mafuta. Hizo zina mgandamizo mdogo kwa makusudi. Yako ikiwa ya petroli, iachie petroli.

Na huenda unachanganyiwa bila kujua. Uchakachuaji ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Tanzania, kupitia mamlaka yake ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza mwaka 2010 kuweka vinasaba kwenye mafuta, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya kuyachanganya. Nunua kwenye kituo unachokiamini, na funga chujio la kutenganisha maji na mafuta kati ya tangi na mashine. Kati ya maboresho yote ya boti ndogo, hili hulipa haraka kuliko mengi.

5. "Mashine ikizama baharini, imekwisha"

SI KWELI, ila una saa chache tu. Chuma kilicholowa chumvi hakiharibiki sana kikiwa bado chini ya maji. Balaa huanza kinapokutana na hewa. Kwa hiyo usiipeleke nyumbani ikae hadi Jumatatu.

Ioshe yote kwa maji baridi. Toa plagi, geuza matundu yake chini, zungusha injini taratibu kwa mkono maji yatoke. Ikikataa kuzunguka, usiilazimishe: maji hayabanwi, na mashine iliyozama ikiwa inaunguruma inaweza kuwa imepinda mkono wa pistoni. Mwaga petroli yote iliyomo kwenye kabureta, tia oili ndani ya silinda, zungusha tena, kisha rudisha plagi kavu na uiwashe iungurume. Ya mipigo minne ibadilishwe oili ya injini, tena zaidi ya mara moja, hadi itoke isiyo na weupe.

Kama huna fundi wala vifaa siku hiyo, iache imezama ndani ya pipa la maji baridi mpaka fundi afike. Jirani atakushangaa, lakini hewa ndiyo adui unayemkimbia.

6. "Faiba haiozi"

NUSU KWELI. Faiba yenyewe haiozi. Lakini boti nyingi za faiba zimefichwa mbao ndani: sakafuni, kwenye mataruma, na hasa kwenye ubao wa tezi unaobeba mashine. Kila skrubu iliyotobolewa bila kuzibwa ni mlango wa maji, na plaiwudi iliyolowa huoza kimya huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Kagua kwa nyundo ndogo. Gonga ubao wa tezi pole pole kuanzia juu hadi chini: palipo pazima hutoa mlio mkali, palipooza hutoa mlio mzito uliokufa. Kisha nyanyua mashine kidogo na uitikise. Ubao ukipepesuka, au ukiona nyufa kwenye pembe zake, boti isishuke majini. Kuubadilisha ubao huu si kazi ya wikiendi ya mtu mgeni. Ni kazi ya fundi wa faiba.

Mzee wa mashua hapa ana fundisho zuri. Kwenye chombo cha mbao kazi ya kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao, haiishi, na kila mtu anajua hivyo. Mwenye boti ya faiba hujidanganya kwamba yeye hana kalafati. Anayo, imo ndani ya matundu ya skrubu.

7. "Silikoni ya dukani inaziba kila kitu"

SI KWELI. Silikoni ya kuzibia sinki na madirisha haishiki vyema chini ya maji, na inapobanduka huacha utando ambao gundi nyingine wala rangi haitashika juu yake. Chini ya mstari wa maji tumia gundi ya baharini ya poliyurethani. Ukitoboa mahali penye mbao ndani, toboa tundu pana zaidi, lijaze epoksi, likauke, kisha toboa tundu la skrubu katikati ya epoksi hiyo. Maji yakipita, hayataukuta ubao.

8. "Zinki ipakwe rangi isiliwe"

SI KWELI, na ni kosa la gharama. Vile vipande vya metali vilivyofungwa kwenye mguu wa mashine vimewekwa ili viliwe. Metali tofauti zikiwa pamoja kwenye maji ya chumvi, ile dhaifu humomonyoka kwanza. Zinki hujitoa, aluminiamu ya mashine ikapona. Ukiipaka rangi umeiziba mdomo, na bahari itakula mashine. Badilisha kipande kikiisha nusu, na sugua mahali kinapogusana na mashine pawe metali tupu.

Anayehamisha boti kutoka Kilifi kwenda Kisumu, au kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, ajue pia kwamba zinki ni ya bahari. Kwenye maji baridi ya ziwa hufunikwa na utando na kuacha kufanya kazi. Huko hutumika magnesiamu, ambayo nayo ikirudishwa baharini huisha upesi mno. Za aluminiamu hufaa baharini na pia kwenye hori ambako maji ya mto hukutana na ya bahari.

9. "Rangi ya chini, kadiri ilivyo na sumu ndivyo ilivyo bora"

SI KWELI. Mabaharia wetu walipaka deheni, chokaa na mafuta ya mnyama, kuzuia vidudu vya baharini. Karne ya 20 ilileta rangi yenye TBT, dawa ya bati iliyofanya kazi vizuri kupita kiasi. Huko Arcachon, Ufaransa, chaza walishindwa kuzaana na makombe ya waliokua yakaharibika umbo, na mwaka 1982 Ufaransa ikaipiga marufuku kwenye vyombo vidogo. Mkataba wa kimataifa wa kuizuia ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008. Ukiuziwa kopo kuukuu la namna hiyo kwa bei ya kutupa, liache.

Rangi nyingi za leo hutumia shaba. Ni nzuri kwa faiba, lakini usiipake kwenye mguu wa mashine wala kwenye boti ya aluminiamu, maana shaba na aluminiamu kwenye maji ya chumvi hazikai nyumba moja. Na boti inayopandishwa nchi kavu kila jioni haihitaji rangi hii kabisa. Inayolala majini inaweza kukwanguliwa na kupakwa wakati wa bamvu, maji yanapokupwa sana na kuacha nafasi ya kufanya kazi. Kwangua ikiwa imelowa na uvae barakoa: vumbi lake ni sumu.

10. "Waya wa umeme wa nyumbani unatosha"

SI KWELI. Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene umetengenezwa kukaa ukutani bila kutikiswa. Boti hutikisika muda wote, na waya huo hukatikia ndani ya ngozi yake. Tafuta waya wa nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, unaohimili chumvi. Fyuzi ikae karibu na betri. Kiwango cha ABYC, baraza la boti la Marekani, hutaka kwa kawaida isizidi sentimita 18 hivi. Fyuzi iliyo mwisho wa waya, karibu na taa, hailindi ule waya mrefu uliopita chini ya viti jirani na tangi la petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia ngamani, na cheche moja inautosha.

11. "Nina pampu ya umeme, boti haiwezi kuzama"

SI KWELI. Piga hesabu. Pampu ndogo iliyoandikwa galoni 500 kwa saa hutoa lita 31 hivi kwa dakika, tena ikipimwa bila kupandisha maji juu na betri ikiwa imejaa. Tundu la kipenyo cha sentimita 5, lililo sentimita 30 chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 150 kwa dakika. Pampu ni ya maji ya mvua na ya mawimbi yanayorukia ndani. Iunganishe moja kwa moja na betri kwa fyuzi yake, iwe na swichi ya kuelea, kisha weka upo au ndoo iliyofungwa kamba.

12. "Madumu matupu chini ya viti ni ushamba"

SI KWELI. Faiba ni nzito kuliko maji, na boti isiyo na boya ndani ikijaa hushuka chini pamoja na mashine. Dumu la lita 20 lililofungwa vyema hubeba karibu kilo 20. Mashine ya nguvu farasi 40 ya mipigo miwili ina uzito wa kilo 70 hivi, kwa hiyo usiishie kwenye madumu mawili. La msingi ni mahali pa kuyafunga: ubavuni juu, na nyuma. Yakijazwa sakafuni peke yake, boti iliyojaa maji hupinduka.

13. "Mashine kubwa zaidi, mwendo zaidi"

NUSU KWELI. Boti ya tumbo bapa, iliyoundwa kupanda juu ya maji, hufaidika na nguvu. Chombo kizito cha tumbo la duara, chenye urefu wa mita 6 majini, hukwama karibu na noti 6, yaani kama kilomita 11 kwa saa. Ukikiongezea nguvu, tezi huzama, omo huinuka, na petroli huteketea. Tena mashine kubwa ni nzito, na ubao wa tezi una kikomo chake.

Kabla ya kununua mashine, tazama propela. Mashine yako ikiwa imefunguliwa hadi mwisho na haifikii mizunguko iliyoandikwa kitabuni, propela ina hatua ndefu mno. Kupunguza inchi moja ya hatua huongeza kama mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika. Ukiitoa, angalia nyuma yake: mshipi wa kuvulia hujisokota pale, hukata sili, na maji huingia kwenye gia. Oili ya gia ikitoka na rangi ya maziwa, jibu umelipata. Na ukiamua kubadilisha mashine kweli, muulize kwanza mkaguzi: TASAC kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au KMA kwa Kenya.

14. "Ile kamba ya kuzimia mashine ni mapambo"

SI KWELI. Nahodha akirushwa majini, boti isiyo na mtu mara nyingi hugeuka kwa duara na kumrudia, propela ikizunguka. Kamba ikiwa imefungwa mkononi au kwenye jaketi, mashine huzimika palepale. Marekani imeifanya sharti la kisheria tangu Aprili 2021 kwa boti zilizo chini ya futi 26. Anayeikwepa kwa kubana swichi kwa kipande cha waya ameondoa kinga isiyomgharimu hata senti.

15. "Kazi ya boti ni ya fundi tu"

SI KWELI. Kusafisha mashine, plagi, oili ya gia, impela, zinki, vichujio, nyaya ndogo na rangi ya chini ni kazi za mwenye boti aliye tayari kusoma kitabu. Ubao wa tezi uliooza, tangi linalovuja, na kufungua injini yenyewe, mpe fundi aliyezoea boti.

Kwa hiyo kabla ya redio, taa za rangi na mashine kubwa, maliza kwanza orodha hiyo fupi. Na ushauri mwingine utakapokujia ufukweni, muulize mtoaji swali moja: uliujaribu kwenye boti ya faiba, yenye mashine kama hii, kwenye maji kama haya? Akijibu kwamba aliujaribu kwenye pikipiki, mshukuru, na ufungue kitabu.